"Go" Isiyo na Miguu

Walimu wenzangu wa lugha, mliponiaga nikistaafu mlinipa saa ya ukutani na daftari tupu. Saa nimeitundika. Daftari, mlisema, ni la kuandikia maisha yangu ya kazi, ili vijana wasome. Nimekaa nalo siku kadhaa nikitafuta pa kuanzia. Vyeo vyangu vimo ndani ya faili la direkta wa shule, kama panya hawajalitafuna, na mshahara wa mwalimu ni habari fupi isiyojaza hata ukurasa. Kwa hiyo nitaandika juu ya kitenzi kimoja cha Kiingereza, "go", ambacho kila mmoja wenu hukifundisha wiki ya kwanza na kudhani amemalizana nacho. Mimi kilinichukua umri mzima, na siku moja nusura kimuue mtu niliyempenda kama baba.

Kiingereza sikukisoma shuleni. Zamani za Wabelgiji tulifundishwa Kifaransa, hesabu na kutembea kwa mstari. Aliyenifundisha Kiingereza ni Papa Silvesta, mfunga vidonda wa zahanati ya mtaa wa Kimanga, hapa Uvira. Wakati wa vita kuu ya pili alichukuliwa na jeshi kama muuguzi, akapelekwa mbali hadi Burma, ambako hospitali yao ya mahema ilitibu askari wa Kiingereza. Alirudi Uvira akiwa na mguu wa kushoto unaoburuta, sanduku la bati lenye msalaba mwekundu, na Kiingereza alichookota kando ya machela, vinywani mwa watu wenye maumivu. Kiingereza cha namna hiyo hakina maneno ya bure.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu wa darasa la tatu, nilipokwenda kwake na jipu kwenye paja. Alinilaza, akachoma kisu juu ya moto wa spiriti, akasema kwa upole, "I am going to cut."

"Umesema nini, Papa?" nikauliza, nikiinua kichwa.

"Nimesema nataka kukukata," akajibu kwa Kiswahili. "Na sasa nimekwisha kukukata. Lala."

Alipokuwa akinifunga kitambaa alinieleza kwamba Waingereza, hata wakiwa mahututi, walipenda kuambiwa kabla. "I am going to lift you. I am going to clean it." Maneno yale manne ya mwanzo, alisema, yalituliza mtu kuliko vidonge, kwa sababu yalimpa nafasi ya kuuma meno. Niliondoka nikichechemea, na sentensi moja ya Kiingereza kichwani. Wiki iliyofuata jipu lilikuwa limepona, lakini nilirudi kuomba ya pili.

Ndivyo nilivyosoma kwa miaka miwili, kila Jumamosi mchana, kwenye baraza ya zahanati, wagonjwa wakiisha. Vitabu hatukuwa navyo. Papa Silvesta alikata katoni za dawa kuwa vipande vya ukubwa wa kiganja, akaandika sentensi moja kwa kila kipande, akavipanga ndani ya lile sanduku la bati pale zilipokuwa zikikaa mikasi na sindano. Upande mmoja ulikuwa wa "go" yenye miguu. Upande wa pili ulikuwa wa "go" isiyo na miguu. Hayo ni majina yake mwenyewe, na mpaka leo sijaona kitabu cha sarufi kilichoyataja vizuri zaidi.

Yenye miguu ni ile ya mtu anayeondoka alipo. "Go and see", nenda ukaone. "I went to see him", nilikwenda kumwona. Hapo alinionya, akinigonga goti kwa kipande cha katoni.

"Huyu muntu alienda. Alimuona?"

"Alimuona, Papa."

"Nani amekuambia? Pengine alikuta mulango umefungwa. Hii sentensi inakufikisha mulangoni tu. Ya ndani haisemi."

Isiyo na miguu ni ile ya jipu langu. Mtu anasema "I am going to cut" na hasogei hata hatua moja. Kinachotembea ni nia yake. Baadaye sana, nilipoanza kusoma sarufi ya lugha yetu wenyewe, niligundua kwamba nasi tulifanya jambo linalofanana na hilo. Tulichukua "taka", tukaikata mkia, tukaipachika katikati ya kitenzi: nitakata, nitaona, nitakuja. Waingereza walichukua "kwenda", sisi tukachukua "kutaka", na wote tunaelekea kesho. Waelezeni wanafunzi wenu hivyo. Huwa wanachangamka wanapoona kwamba Kiingereza nacho kina ukoo.

Uhuru ulipokuja, kila mtu Uvira alikuwa na jambo la kungojea. Wengine walingojea nyumba za Wazungu, wengine magari yao. Shule yetu, hapo juu katika mtaa wa Rugenge, ilingojea walimu, kwa sababu Wabelgiji watatu waliofundisha madarasa ya juu walivuka mpaka kwenda Usumbura wakaacha hata chaki mezani. Direkta mpya, aliyekuwa karani mwezi mmoja kabla, alituita walimu wote akauliza nani anaweza kufundisha nini. Fizikia ilikosa mtu. Alipofika kwenye Kiingereza, niliinua mkono.

"Weye, Yeremia? Ulikisomea wapi?"

"Kimanga, Direkta."

"Kimanga iko na shule ya Kingereza?"

"Iko na zahanati."

Walimu walicheka. Direkta hakucheka, maana hakuwa na mwingine. Jumatatu iliyofuata nilisimama mbele ya vijana thelathini, baadhi yao wakiwa na ndevu kunizidi, nikiwa na vipande vya katoni mfukoni na shati nililoazima.

Somo langu la kwanza lilikwenda vizuri kwa dakika kumi. Niliandika ubaoni "I am going to write", nikaandika. "I am going to sit", nikakaa. Wakaelewa. Kisha kijana mmoja mrefu wa nyuma, mtoto wa mkulima wa mpunga wa Sange, akauliza: "Mwalimu, na kama nataka kwenda Sange? Nitasema 'I am going to go'?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Mimi mwenyewe niliisikia kama kigugumizi. Nikasema, kwa sauti ya mtu mwenye hakika, kwamba haisemwi hivyo. Halafu nikatoka shuleni moja kwa moja hadi Kimanga, bila kula.

Papa Silvesta alikuwa akiosha vyombo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono.

"Inasemwa," akasema. "'I am going to go.' Ya kwanza haina miguu, ya pili iko nayo. Ya kwanza inabeba ya pili sawa mama na mutoto. Kesho utawaambia ulikosea."

"Siku yangu ya pili, Papa? Watanidharau."

"Watakudharau siku watakapogundua wenyewe."

Kesho yake niliwaambia. Kijana wa Sange alisimama, akainama kidogo kama mtu anayepokea zawadi, akakaa. Hakuna aliyenidharau. Tangu siku ile nimekosea mbele ya madarasa mengi, na kila kosa nililirudisha mahali nilipolitenda. Kati ya mambo ninayojivunia, hilo liko karibu na juu.

Sasa nifike kwenye barua.

Miaka michache baada ya uhuru uasi ulianza katika bonde la Ruzizi na milima iliyo nyuma yetu, ukashuka hadi mjini. Sitaandika habari za vita. Walioipanga wana watu wa kuwaandikia. Yatosha kusema kwamba asubuhi moja ofisi zilikuwa na mabwana wengine, shule zikafungwa, na walioweza walipanda mitumbwi wakavuka ziwa. Mimi nilibaki kwa sababu mke wangu alikuwa karibu kujifungua. Papa Silvesta alibaki kwa sababu vidonda vilibaki.

Siku moja, jua likiwa limepanda, vijana wawili wenye mikuki na bunduki moja walikuja nyumbani kwangu. Komanda wao alinitaka. Mke wangu alinifuata hadi mlangoni, mkono kiunoni.

"Wamekuitia nini?" akaniuliza.

"Kusoma barua," kijana mmoja akamjibu. "Akisoma vizuri atarudi."

Walinipeleka Kimanga, kwenye nyumba ya mfanyabiashara aliyekwisha kimbia. Uani, mgongo ukiegemea ukuta, alikuwa ameketi Papa Silvesta. Alikuwa hana viatu, na mguu wake mbovu umenyooshwa mbele. Aliniangalia mara moja, kisha akatazama chini, kama tusiojuana.

Komanda alikuwa mtu wa makamo, mwenye penseli nyuma ya sikio, na sauti ya chini ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Mbele yake kulikuwa na karatasi iliyokunjamana. Alinieleza mambo bila haraka. Wiki kadhaa nyuma, basoda, askari wa serikali, walivuka mto karibu na Sange mahali pasipojulikana na wageni, wakawashambulia vijana wake kwa nyuma. Wengine walikufa. Mtu fulani aliwaonyesha basoda kivuko. Sasa vijana wake wa bandari ya Kalundu walikuwa wamekamata mtumbwi uliokuwa ukielekea Kigoma, na ndani yake barua ya Kiingereza kutoka kwa mfunga vidonda huyu kwenda kwa rafiki yake aliyekuwa naye vitani. Na siku za shambulio lile, mfunga vidonda alikuwa Sange kwa dada yake.

"Karani wetu amejaribu," akasema. "Anasema hapa mzee ameandika kwamba alienda kuonyesha basoda njia. Kama ni hivyo, kazi yetu ni fupi. Lakini karani anajua Kifaransa, Kingereza anabahatisha. Wanasema weye ni mwanafunzi wa huyu mzee. Soma. Usiruke neno."

Barua ilikuwa imelowa maji ya ziwa. Nusu ya chini wino ulikuwa umesambaa kama moshi. Mwandiko niliufahamu kabla ya kusoma. Palipokuwa na kidole cha komanda, maneno yalikuwa haya: "At Sange the soldiers ask me the crossing and I was going to show them". Baada ya hapo hapakuwa na neno, palikuwa na doa la samawati.

Nitawaambia kweli yote, kwa sababu mmenipa daftari. Wazo la kwanza lililonijia halikuwa la sarufi. Lilikuwa la uongo. Ningeweza kusema: ameandika "nilikataa kuwaonyesha". Nani angejua? Mji mzima ulikuwa na watu wangapi wa kunisahihisha? Uongo ule ulikuwa mwepesi, tayari mdomoni. Nilimtazama Papa Silvesta uani. Akainua macho, akatikisa kichwa kidogo sana, kama alivyozoea kutikisa nilipotaka kubahatisha kipande cha katoni.

Nikasoma. "Huko Sange basoda waliniuliza kivuko, na nilikuwa nataka kuwaonyesha."

Komanda akatoa penseli sikioni. "Nilikuwa nataka?"

"Ndiyo, Komanda."

"Weye ni mwanafunzi wake, na unaniambia alitaka kuonyesha adui njia?"

"Naambia Komanda kile karatasi inasema. Alitaka. Haisemi alienda."

"Karani ameona hapa neno la kwenda. Hata minye naliona. 'Going.' Hilo si kwenda?"

Swali lile nilikuwa nimekwisha kuulizwa mara mia na vijana wenye ndevu, na mdomo wangu ulijua njia bila mimi.

"Sura ni ya kwenda, Komanda, lakini hapa haina miguu. Ni nia. Kama angeenda, angeandika 'I went to show them'. Kama angewaonyesha, angeandika 'I showed them'. Muingereza akisema 'I was going to', anasema jambo lilikuwa tayari moyoni. Na mara nyingi neno linalofuata ni 'lakini'."

"Mara nyingi, ao kila mara?"

Hapo ndipo penye uzito wa kazi yetu. Ningesema "kila mara", ningemsogeza mzee hatua moja kutoka ukutani.

"Mara nyingi," nikasema. "Si kila mara. Na neno linalofuata silioni, maji yamelikula."

Komanda aliandika kitu. Kisha akaita kuelekea chumba cha ndani, na mtu mmoja akatoka akiwa amevaa ovaroli la makanika. Alikuwa amekulia Kigoma, shuleni kwa Waingereza, na alifika na mashua ya juzi. Asubuhi ile, kabla sijaitwa, alikuwa amekwisha soma barua ileile. Komanda akageuza karatasi yake ndogo ili nione alichokuwa ameandika kwa penseli: Alitaka kuonyesha. Kama alionyesha, haionekani.

Maneno yalikuwa karibu yaleyale yangu. Kama ningesema "nilikataa", tungekuwa wawili ukutani.

"Wasomaji wawili, jibu moja," Komanda akasema. "Sasa mwenye barua amalize mwenyewe."

Tukatoka uani. Komanda akachutama mbele ya Papa Silvesta, akamwambia aseme kwa Kiingereza, neno kwa neno, sentensi iliyoliwa na maji, nami nitafsiri, na makanika asikilize.

Papa Silvesta akafumba macho. Akasema polepole, kama anayenifundisha: "But I came to see they were only boys."

"Lakini alikuja kuona nini?" Komanda akauliza, maana "but", "came" na "see" aliyajua. "Alikuja wapi? Kumbe alienda mtoni!"

Nilimwona kijana mwenye bunduki akisogeza mguu. Nikasema haraka kuliko nilivyokusudia: "Hakuja popote, Komanda! Hii nayo haina miguu. 'I came to see' hapa ni akili iliyotembea, ikafika. Anasema: lakini nikafika mahali pa kuelewa kwamba walikuwa vijana tu."

Makanika akaitikia. "Ni hivyo."

"Vijana gani?"

Papa Silvesta akajibu kwa Kiswahili sasa, bila kungoja mkalimani. "Vijana wako. Niliwaona ng'ambo ya mto, wanachota maji, wanarushiana matope sawa batoto. Basoda walikuwa wameniweka bunduki hapa." Akagusa shingo. "Nilikuwa nataka kuwaonyesha, ndiyo. Niliogopa. Halafu nikaona wale. Nikaonyesha basoda njia ya chini, ya mashamba ya mpunga. Lori yao ikakwama. Wakanipiga, wakaniacha. Kesho yake wakapata muntu mwingine."

Kisha mmoja wa vijana waliokuja kunichukua akasema, si kwa Komanda, ni kama anajisemea: "Ile lori niliiona. Ilikuwa imezama mpaka milango. Tulicheka sana."

Komanda alisimama, akarudisha penseli sikioni. "Mupeni viatu vyake," akasema. "Na wenye vidonda wamungoje zahanati."

Tulirudi zahanati tukiwa wawili, polepole kwa ajili ya mguu wake. Nilingoja aseme neno. Tulipofika mbele ya baraza akasimama.

"Niliandika 'ask'," akasema. "Ilitakiwa 'asked'. Jambo lilikuwa limepita. Umeona?"

"Nimeona, Papa."

"Mbona hukusema?"

"Haikuwa mahali pake."

Alifikiri, akakubali kwa kichwa. Halafu akanipa mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka yote ya Jumamosi zetu, akanishika vidole kwa nguvu mpaka vikauma. Nimepokea vyeti viwili vya serikali tangu wakati ule. Sijui viko wapi. Mkono ule najua ulipo.

Binti yetu alizaliwa siku tatu baadaye, na Papa Silvesta ndiye aliyemkata kitovu. Jeshi la serikali liliporudi mjini, habari ya lori lililokwama ingeweza kumletea matatizo ya upande wa pili, kwa hiyo tuliifungia vinywani. Aliendelea kufunga vidonda vya kila aliyekuja, bila kuuliza bunduki ilielekea wapi, mpaka akafa kwa uzee kitandani mwake, watu wa dini zote wakamzika. Naisimulia leo kwa sababu hakuna tena wa kudhurika nayo.

Shule ilipofunguliwa, madawati yalikuwa yamekwisha kuwa kuni. Wanafunzi walikalia matofali. Nilikuwa na majina thelathini kwenye rejista, na vijana kumi na mmoja mbele yangu. Niliyasoma majina yote, kwa sauti, na pale pasipoitikiwa nikangoja kidogo kabla ya kuendelea. Sikujua la kufundisha siku kama ile. Nikafundisha ninachokijua. Niliandika ubaoni "went to", nikaomba kila mmoja atunge sentensi.

Alikuwapo msichana wa Rugenge, Esperansi, miaka kumi na mitano, wa kwanza shuleni kwetu kufika darasa lile. Kaka yake Bosko alitumwa na mama yao mtoni Mulongwe siku risasi zilipoanza tena mjini, na hakuonekana tangu siku hiyo. Sote tulijua. Akasimama akasoma: "My brother went to fetch water." Kaka yangu alikwenda kuchota maji.

"Vizuri," nikasema.

Hakukaa. "Mwalimu, hii inasema alichota ao hakuchota?"

"Haisemi."

"Inasema alirudi?"

"Hilo pia haisemi, mwanangu. Inamfikisha mtoni tu."

"Basi hiyo siitaki," akasema. "Nipe ingine."

Ningeweza kumpa pole, na pengine mchungaji au padri angefanya hivyo vizuri kuliko mimi. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, na aliniomba sentensi. Nikageuka ubaoni nikaandika: "My brother has gone to fetch water."

"Hii nayo inasema nini?"

"Inasema ameenda, na mpaka tunapozungumza bado hajarudi. Safari yake haijafungwa."

Aliisoma mara mbili, midomo ikitembea. "Hii iko ya kweli," akasema, akakaa, akaiandika. Na kila nilipokusanya kaye, yaani madaftari ya darasa, wiki baada ya wiki, niliikuta sentensi ile juu ya ukurasa wake mpya, mahali wengine walipoandika tarehe. Niliisahihisha kila mara kama sentensi nyingine yoyote. Kila mara ilikuwa sahihi, nami kila mara niliitia alama.

Mvua zilikuja zikaisha. Adhuhuri moja, tukiwa katikati ya somo, kijana mwembamba mwenye kofia ya majani alisimama mlangoni. Alikuwa amekimbia risasi mpaka Kalundu, akaingizwa ndani ya mashua ya watu wasiomjua, akashushwa ng'ambo, akavua ndagala, wale dagaa wa ziwani, huko Kigoma mpaka alipopata chombo cha kumrudisha. Aliuliza kwa adabu kama dada yake alikuwa ndani. Esperansi aliruka juu ya tofali lake, akaangusha mawili ya wenzake, na somo likaishia hapo. Sikujaribu kulirudisha.

Ijumaa nilikusanya kaye. Juu ya ukurasa wake sentensi ya zamani ilikuwa imekatwa kwa mstari mmoja ulionyooka, wa rula. Chini yake, kwa mwandiko uleule, alikuwa ametunga mpya, na hakuna aliyemsaidia: "My brother went to fetch water and came back without the bucket."

Kaka yangu alikwenda kuchota maji akarudi bila ndoo. Niliipitia neno kwa neno, kama ninavyopitia kazi zote, nikitafuta kosa. Halikuwapo. Nikainua kichwa ili nimwambie mtu, kisha nikaichukua kaye ile nikashuka nayo Kimanga kwa Papa Silvesta.